Kona haina VAR

Kona ninayoizungumzia leo si ile ya kupigwa kwenye kibendera, mabeki warefu wakapanda kuifuata kwa vichwa. Ni kona ya barabarani. Mashabiki wa soka msigeuze ukurasa, huko mbele tutakutana na Cristiano Ronaldo, Diogo Jota na marehemu Patrick Mafisango.

Ubishi wenyewe niliukuta Kiwalani, kwenye moja ya zile gereji za chini ya mti ambako gari linalosubiri spea hugeuka kuwa benchi la wabishi. Vijana walikuwa na video kwenye simu: Ferrari mpya inakata kona kwa kasi ya kutisha, dereva katulia kama yuko sebuleni kwake. Fundi mmoja mtu mzima akarusha neno bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini: "Hapo dereva yuko wapi? Kona hiyo imekatwa na kompyuta. Mngeiona Datsun miaka ya sabini, mvua ya Pasaka, tope mpaka madirishani." Dogo mmoja akamjibu, "Mzee, Datsun yako leo inapigwa saba bila." Ikawa kelele. Simba na Yanga zilisahaulika kwa karibu nusu saa, jambo ambalo si la kawaida Kiwalani.

Mimi nasema wote wawili wana haki, kila mmoja kwa kipimo chake. Shida ni kwamba magari wanayoendesha vijana wetu hapa mjini si la mzee wala la dogo. Nitafika huko.

Tuanze na dogo, maana hoja yake ni nyepesi kuithibitisha. Kwa saa ya mkononi, gari jipya linashinda, tena kwa mbali. Datsun 240Z ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo, nguvu farasi 151, na matairi yenye upana wa milimita 175. Bugatti Chiron ya juzi juzi ina nguvu farasi 1,500, na matairi yake ya nyuma yana upana wa milimita 355, yaani mara mbili ya yale na chenji inabaki. Gari la kisasa la aina hiyo linasukumwa chini na upepo kadiri linavyoongeza kasi, kwa hiyo matairi yanazidi kung'ang'ania lami. Ndani kuna kompyuta inayopima kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani, usukani umegeuzwa kiasi gani na bodi inaelekea wapi. Gurudumu moja likianza kuteleza, kompyuta inalifunga breki peke yake au inapunguza nguvu ya injini kabla dereva hajajua kwamba kuna tatizo. Kuna magari ambayo magurudumu ya nyuma nayo yanageuka kidogo kusaidia ya mbele. Sasa 240Z itashindaniaje hapo?

Hoja ya mzee inahitaji maneno mengi zaidi, na ndiyo inayonivutia.

Gari linapoingia kwenye kona kinacholishika ni vipande vinne vya raba, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kiganja cha mkono. Hakuna kitu kingine. Kipande hicho kina nguvu yake, na nguvu hiyo inagawanywa kati ya kufunga breki, kuongeza mwendo na kugeuka. Ukiitumia karibu yote kufunga breki, ya kugeukia inabaki kiduchu. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaijui: ukiingia kwenye kona ileile kwa kasi mara mbili, nguvu inayotakiwa kulishikilia gari haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kona uliyoikata kwa kilomita 40 bila wasiwasi, kwa 80 ni kona nyingine kabisa.

Kwenye gari la zamani hesabu hiyo dereva alikuwa anaisikia mwilini. Usukani unakuwa mzito au mwepesi mikononi, tairi zinaanza kulia, bodi inalala upande, kiti kinakuambia mkia umeanza kutoka. Gari linakuonya mapema, na kwa sababu lina matairi membamba, onyo linakuja wakati bado uko kwenye kasi ndogo. Ukikosea, una nafasi ya kurekebisha.

Sisemi yalikuwa magari ya upole. Porsche 911 injini yake imewekwa nyuma kabisa, baada ya ekseli ya nyuma. Dereva mgeni akiingia nayo kwenye kona kwa kasi, akaogopa na kutoa mguu kwenye mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na lile zigo la injini linauvuta nje kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Mkia unataka kuipita pua. Ferrari F40 ya mwaka 1987 ilikuwa na nguvu farasi 478, haina ABS, usukani hausaidiwi na kitu zaidi ya misuli yako, na turbo zake mbili zilikuwa zinachelewa kuamka halafu zinamwaga nguvu yote kwa mkupuo. Gari la namna hiyo lilikuwa linachagua watu.

Sasa huku kwetu lilikuwepo darasa kubwa kuliko yote la kukata kona. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa inafanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na milima ya Usambara ilikuwa moja ya sehemu zilizowatesa madereva, kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku na bonde kule. Mwaka 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu.

Watu wa Dar mnapaswa kulijua jina la Bert Shankland. Alikuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania, akashinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Ndiyo, Peugeot 404, gari ambalo babu zetu walilipanda kama teksi. Halafu kuna Joginder Singh wa Kenya aliyeshinda mara 3, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara 5. Ushindi wa kwanza wa Mehta ulikuwa 1973 kwa hiyo hiyo Datsun 240Z ya mzee wa gereji, na alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye yumo kwenye Datsun. Ligi zetu za kugombania tofauti ya mabao hazijaanza leo.

Hawa watu walikuwa wanakataje kona na gari linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma, lisilo na kompyuta hata ya kuhesabu mafuta, kwenye tope? Jibu litawafurahisha mashabiki wa mpira: kwa chenga ya mwili. Madereva wa Skandinavia kama Björn Waldegård na Hannu Mikkola waliijua sana. Kona inakwenda kulia, dereva anauvuta usukani kushoto kwanza. Uzito wa gari unalala upande mmoja, halafu ghafla anaurudisha kulia, mkia unazunguka wenyewe, na gari linaingia kwenye kona likiwa tayari limeelekeza pua kwenye njia ya kutokea. Ni kitu kilekile anachofanya winga anayemwonyesha beki bega la kushoto kisha anapita kulia. Beki wa kwenye hadithi hii ni mlima.

Waldegård aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalipoanzishwa mwaka 2003, aliyarudia, na mwaka 2011 akayashinda kwa Porsche 911, msoma ramani akiwa mwanawe, Mathias. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 68. Hilo gari la injini nyuma lililowatupa wengi bondeni, mikononi mwa mzee wa miaka 68 lilikuwa linacheza.

Mtu ataniuliza, mbona Safari ya sasa inakimbiwa na magari mapya na bado ni kazi ya madereva? Kweli. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris, ndugu yake na Vitz zetu ukitaka kucheka. Mwaka 2022 na 2023 Toyota walichukua nafasi nne za juu zote, miaka miwili mfululizo. Magari hayo yanasukuma kwa magurudumu yote manne na yanakimbia kuliko chochote alichowahi kuendesha Mehta. Lakini sheria za mashindano haziruhusu ABS wala kompyuta ya kuzuia gari kuserereka. Yaani madereva bora kabisa duniani wananyimwa msaada ule ambao tajiri wa Dubai anapewa kwenye Lamborghini ya kwendea dukani. Waandaaji wanataka kujua nani anajua, kwa hiyo wameizima VAR.

Na hiyo kompyuta ni VAR kweli. Wewe unakosea, yenyewe inarudisha picha nyuma na kufuta kosa, na abiria hajui kama kuna kitu kilitokea. Sitaki nionekane naitukana. ABS ilipoingia kwenye Mercedes mwaka 1978, na mfumo wa kuzuia kuserereka ulipofuata mwaka 1995, watu wengi waliokolewa ambao si madereva wa rali na hawakuhitaji kuwa. Mwaka 1997 Mercedes A-Class mpya ilipinduka kwenye majaribio kule Sweden, dereva alipokwepa ghafla kama anayemkwepa mnyama barabarani. Dawa waliyoipata ilikuwa kuuweka mfumo huo kwenye kila A-Class. Tangu Novemba 2014 Umoja wa Ulaya haukubali gari jipya lisilokuwa nao. Mama anayempeleka mtoto kliniki usiku kwenye mvua hahitaji kujua chenga ya Waldegård.

Tatizo langu na VAR hii ni moja: inakuficha mpaka ulipo. Unakata kona kwa 60, kimya. Kwa 80, kimya. Kwa 100, kimya, kompyuta inahangaika chini kwa chini na wewe unajipongeza kwamba unajua kuendesha. Gari la zamani lingekuwa limeshapiga kelele mara tatu. La sasa linanyamaza mpaka raba inafika mwisho wa nguvu yake, na ikifika mwisho hakuna programu inayoweza kuiongezea. Hapo unakuwa kwenye kasi kubwa kuliko ile ambayo Datsun ingekutupa, na muda wa kurekebisha haupo.

Ronaldo alikuwa na Ferrari 599 ambayo hata wiki hajaizoea vizuri, Januari 2009, alipoiharibu kwenye njia ya chini ya uwanja wa ndege wa Manchester akielekea mazoezini. Edwin van der Sar alikuwa nyuma yake na gari lake. Ronaldo alitoka mzima, akaenda mazoezini. Alikuwa na miaka 23 na ndiyo kwanza amechukua Ballon d'Or. Kama mchezaji mwenye miguu yenye akili kuliko wote duniani wakati huo aliharibu gari jipya kabisa, sisi ni akina nani?

Kisa cha Paul Walker ndicho ninachotaka vijana wa Kiwalani wakisome mara mbili, maana filamu zake za mbio za magari tumekulia nazo kwenye mabanda ya video. Novemba 30, 2013, alikuwa abiria kwenye Porsche Carrera GT kule California. Gari hilo halikuwa na mfumo wa kuzuia kuserereka. Wachunguzi walisema mwendo ulikuwa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, sawa na kilomita 130 hadi 150 hivi, kwenye barabara ya maili 45, tena yenye kona. Walisema pia matairi yalikuwa na umri wa miaka 9. Gari la mamilioni, raba ya miaka 9. Dereva na Walker wote walifariki.

Julai 2025 tukaamka na habari za Diogo Jota na mdogo wake André Silva. Lamborghini, barabara ya Zamora, Hispania. Haikuwa habari ya kona. Polisi wa kule walisema dalili zinaonyesha tairi lilipasuka wakati gari linalipita jingine. Nalitaja kwa heshima zote, na kwa sababu linarudisha mjadala palepale, kwenye raba.

Sasa rudini Kiwalani. Hapa Ferrari tunaziangalia kwenye simu. Gari la michezo la kijana wa Dar ni Altezza, ni Mark X, ni Crown, ni Subaru, limeshuka kwenye meli kutoka Japani likiwa na umri wa kwenda sekondari. Altezza ilitoka mwaka 1998, inasukuma kwa nyuma, ni gari tamu kwenye kona, nakubali. Crown na Mark X nyingi zinakuja na ABS na mfumo wa kuzuia kuserereka. Zinakuja nao. Swali ni kama bado upo.

Muulize fundi umeme yeyote mkweli. Gurudumu lina kifaa kidogo kinachosoma mwendo wake, chenye waya mwembamba. Siku ya kubadilisha beringi waya unakatika, au kifaa kinajaa tope kinakufa. Mfumo unajizima wenyewe na kuwasha taa kwenye dashibodi. Breki za kawaida zinabaki, kwa hiyo gari linasimama vizuri tu ukiwa kwenye foleni na mwenye gari haoni hasara. Taa inamkera. Dawa yake ni kipande cha selotepu nyeusi, au taa inachomolewa kabisa, na hiyo ni bei ya soda. Kisha springi zinakatwa ili gari lilale chini lipendeze, shokapu zimekufa tangu mwaka juzi kwa hiyo tairi linadunda badala ya kushika, na matairi yenyewe ni ya mtumba, yametolewa kwenye gari la mtu mwingine ng'ambo kwa sababu huyo mtu aliona yamechoka.

Hilo sasa ni gari gani? Uzito wa kisasa, nguvu ya kisasa, ukimya wa kisasa, na VAR imezimwa. Halikuonyi kama Datsun na halikuokoi kama Ferrari. Mzee na dogo wa gereji walikuwa wanabishana kuhusu magari mawili yaliyo mazima, wakati wameegemea la tatu ambalo hakuna aliyelitaja. Dereva wake amejifunza kona wapi? Barabara ya Nyerere, saa nane usiku, kwa sababu darasa jingine hana. Siku akipanda nalo Kitonga ndipo mtihani unakuja, na pale kuna malori.

Hapa ndipo ninapoingia kama mwandishi wa mpira. Klabu zetu kubwa siku hizi zina kocha wa makipa, kocha wa viungo, mtu wa kuchambua video, mpaka anayepanga mchezaji ale nini. Mchezaji wa miaka 20 anasaini mkataba, hela ya usajili inaingia, na kitu cha kwanza ni gari. Sio dhambi, ni jasho lake. Lakini mguu ule ambao klabu imeulipia mamilioni, unaofanyiwa masaji na barafu kila wiki, jioni unakanyaga mafuta ya Crown yenye tairi kipara, na hakuna mtu hata mmoja klabuni aliyewahi kulizunguka gari hilo akaliangalia.

Simba wanalijua hili kwa uchungu. Mei 2012 waliifunga Yanga 5-0, wakaumaliza msimu wakiwa mabingwa, na Mei 17 kiungo wao Patrick Mafisango akafariki kwa ajali ya gari hapa Dar es Salaam. Sina la kusema kuhusu chanzo cha ajali ile wala gari lenyewe. Ninachosema ni kwamba imepita miaka mingi, na bado sijasikia klabu ya Ligi Kuu inayowapeleka wachezaji wake siku moja tu kwa mwaka kwenye uwanja wa wazi, na mwalimu, wakamwagiwa maji kwenye lami na kuonyeshwa gari linafanya nini likifika mwisho wa raba. Viwanja vya wazi vipo. Madereva wa rali wa Tanzania wapo, na wengi wangekuja hata kwa kupewa jezi. Haifiki gharama ya kambi ya siku tatu.

Na kabla ya siku hiyo, kuna ukaguzi ambao hauhitaji fundi wala kocha. Kwanza washa gari uangalie dashibodi: taa ya ABS inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameiziba, uliza ni nani. Kisha inama ubavuni mwa tairi, tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wa mstari kwenye tarakimu nne. Kama hazionekani, ziko upande wa ndani. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1812, hilo tairi lilitoka kiwandani mwanzoni mwa Mei 2012, wiki ya ile tano bila.